Pinboli ikikata kauli, fundi huanzia wapi?

Ndani ya kichwa cha mashine ya pinboli iliyotengenezwa na Bally mwaka 1977, nyuma ya kioo chenye michoro ya rangi kali, kuna taa ndogo nyekundu ambayo mchezaji haioni kamwe. Iliwekwa kwa ajili ya fundi. Umeme ukiwashwa, taa hiyo hupepesa mara moja kwa kasi, hutulia kidogo, kisha huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, hadi mara saba. Ikitimiza saba, mashine iko tayari kupokea sarafu. Ikikwama kwenye tatu au sita, au ikiwaka mfululizo bila kuzima, fundi anayeielewa ameshapata nusu ya jibu kabla hajashika bisibisi.

Wahandisi wa Chicago hawakujidanganya. Walijua mashine yao itapelekwa baa, itamwagiwa bia, itatikiswa na kupigwa mateke na watu waliopoteza sarafu, na kwamba siku moja itakufa usiku wa Jumamosi ikiwa mbali na kiwanda. Wakaipa namna ya kueleza ugonjwa wake. Kwa maoni yangu, mashine nyingi za kizazi hicho zilizolala leo kwenye maghala na vyumba vya chini vya nyumba za Marekani na Ulaya ziliumizwa zaidi na watu wasioisikiliza taa hiyo kuliko na uzee wenyewe.

Kwa msomaji ambaye pinboli ameiona kwenye filamu tu: ni meza ya miguu minne, imeinama kumwelekea mchezaji, juu ina kioo, ndani mna gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi. Mchezaji huvuta fimbo yenye springi na kuiachia, gololi ikapanda hadi juu ya uwanja, na ikianza kushuka yeye huirudisha kwa vibao viwili vinavyoitwa flipa, vinavyochezeshwa kwa vitufe vya ubavuni. Kila gololi inapogonga kitu, taa huwaka, kengele hulia na pointi huongezeka. Ikiponyoka katikati ya flipa, imekwenda.

Nyumbani kwa mchezo huu ni Chicago. Huko ndiko zilikokuwa Gottlieb, Bally na Williams, kampuni tatu zilizoitawala biashara hiyo kwa miongo kadhaa. Flipa zilianza mwaka 1947 katika mashine ya Gottlieb iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo gololi ilishuka yenyewe na mchezaji akabaki kuomba Mungu, ndiyo maana miji kadhaa ya Marekani iliuhesabu mchezo huu kuwa kamari. New York iliupiga marufuku mwaka 1942. Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, mwandishi Roger Sharpe alipowachezea madiwani hadharani ili waone wenyewe kuwa ustadi una kazi yake. Mwaka uliofuata elektroniki zikaingia kwa kishindo.

Mashine za kabla ya hapo ziliendeshwa kwa relei, mota na magurudumu ya kuhesabia pointi. Hitilafu yake ilionekana kwa macho: mguso umechafuka, relei imenasa, waya umekatika. Kuanzia 1977 kazi yote ilihamia kwenye bodi chache za saketi zilizofungwa kichwani mwa mashine, na kwa Bally mkuu wa bodi hizo alikuwa prosesa ya Motorola 6800. Eight Ball, mojawapo ya mashine za mwanzo za kizazi hicho, ilitengenezwa kwa idadi ya 20,230, rekodi iliyodumu hadi 1992 ilipopitwa kwa mashine 40 tu na The Addams Family. Kwa hiyo bodi hizi ziko nyingi, na umri wake ni wa mtu aliyekwisha kuanza kuitwa babu.

Umeme kwanza

Fundi mzoefu akifungua mashine iliyokufa, chipu huwa za mwisho kushukiwa. Huanza na umeme. Kwenye Bally ya miaka hiyo kuna bodi ya prosesa, bodi ya kuendesha koili ambayo pia hutoa volti 5, bodi ya taa, na sehemu ya transfoma inayobadili umeme wa ukutani kuwa wa aina mbalimbali. Fundi huchomoa plagi za bodi nyingine zote, huwasha, kisha hupima kwenye ncha za kupimia: volti 5 za chipu, 12 hivi ambazo hazijasawazishwa, 43 za koili, na 190 za vioo vya tarakimu. Hizo 190 ziheshimiwe. Kapasita hubaki nazo hata baada ya swichi kuzimwa, na mkono uliozigusa bila hadhari haurudi tena bila hadhari.

Volti 5 ndizo zinazoamua kila kitu. Mita ikisoma 5 kamili watu hufurahi na kuendelea mbele, lakini kazi bado. Umeme huo hulainishwa na kapasita kubwa ya mikrofaradi 11,700, na kapasita ya miaka ya 1970 imekauka ndani. Ikikauka, wastani unaweza kubaki 5 huku umeme wenyewe ukipanda na kushuka mara mia na ishirini kwa sekunde, na prosesa inayolishwa hivyo hufanya vituko visivyoelezeka: leo inaamka, kesho haiamki. Ndipo fundi anapogeuza mita kwenye AC na kupima pale pale. Ikionyesha zaidi ya sehemu chache za kumi ya volti, kapasita ing'olewe, wala hakuna haja ya mjadala.

Baada ya hapo huja viungo vya lehemu kwenye safu za pini ambamo plagi huchomekwa. Ugeuze bodi, uishike chini ya taa kali, uitazame kila pini kwa kioo cha kukuzia. Kiungo kizima hung'aa na kukumbatia pini yote. Kiungo kilichochoka kina mstari mwembamba mweusi unaoizunguka pini, na ukiigusa pini kwa kucha unaiona ikicheza ndani ya lehemu yake. Miaka ya mtetemo imeikata, joto la umeme mwingi limeimaliza. Dawa yake ni kunyonya lehemu ya zamani na kuweka mpya, pini moja moja, safu nzima, hata zile zinazoonekana nzima. Kazi hii haina sifa yoyote na inachosha mgongo. Hata hivyo inafufua mashine nyingi kuliko chipu mpya zote zinazouzwa.

Betri iliyokula bodi

Sasa tuje kwenye muuaji mkuu. Kwenye kona ya bodi ya prosesa Bally walilehemu betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6, ya kuchajiwa, ili mashine ikizimwa isisahau rekodi za pointi na hesabu za sarafu. Uamuzi huo ulikuwa na maana kwa mashine iliyokusudiwa kukaa kazini miaka michache kisha ikabadilishwa. Hakuna aliyefikiria kwamba betri ile ile ingeachwa hapo kwa miaka 20 au 30.

Betri iliyozeeka huvuja. Majimaji yake, potasiamu haidroksaidi, hutambaa juu ya bodi, huingia chini ya ile rangi ya kijani inayofunika njia za shaba, hupanda miguu ya chipu na kujipenyeza ndani ya soketi. Na kama ilivyo bahati mbaya, jirani wa karibu wa betri ni saketi inayoiamsha prosesa. Transista mbili tatu na rezista kadhaa zikiliwa hapo, prosesa haipati amri ya kuanza, na ile taa nyekundu hubaki imewaka mfululizo.

Wengi huita kile kinachovuja asidi, wakakimbilia kukisafisha kwa magadi. Ni kinyume kabisa. Kinachovuja ni cha jamii ya magadi yenyewe, kwa hiyo dawa yake ni siki. Fundi hukata betri na kuitupa panapostahili, huvaa glavu na miwani, huchanganya siki nyeupe na maji kiasi sawa, kisha husugua eneo lote kwa mswaki uliostaafu. Siki ikikutana na mabaki, mara nyingi huchemka kidogo na kutoa povu. Huisuuza bodi kwa maji safi, huipitishia spiriti ili maji yasibaki chini ya chipu, na kuiacha ikauke vizuri.

Hapo usafi umekwisha, matengenezo hayajaanza. Shaba iliyoguswa na majimaji yale hugeuka kijani, kisha nyeusi, na shaba nyeusi haipokei lehemu. Ukiilazimisha, lehemu hujikusanya kuwa tone, hubingirika juu ya njia na kuganda pembeni. Ukiongeza joto, njia nzima hubanduka kutoka kwenye bodi, nyembamba mfano wa uzi, na sasa una matatizo mawili. Kwa hiyo kila kipande chenye miguu ya kijani hung'olewa, soketi zilizo jirani hung'olewa, na shaba hukwanguliwa taratibu kwa msasa laini mpaka ing'ae rangi yake ya asili. Njia zilizokatika hurukwa kwa waya mwembamba. Kila njia hupimwa kwa mita iliyowekwa kwenye mlio, toka mwanzo wake hadi mwisho wake, huku mchoro wa saketi umetandazwa mezani. Michoro hiyo ilikuja na mashine, imechapwa kwenye karatasi kubwa za kukunja, na bila hiyo usianze.

Ukimaliza, betri mpya isirudi palepale. Mafundi huweka kibebeo cha betri ndogo tatu mbali na bodi, zikiunganishwa kwa waya na dayodi ya kuzuia zisichajiwe. Wengine hubadilisha kabisa chipu ya kumbukumbu kwa aina isiyohitaji betri. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa sababu kibebeo kilichofungwa pembeni nacho husahauliwa, na betri za kawaida za alikali nazo huvuja.

Kuhesabu hadi saba

Umeme ukiwa safi na bodi ikiwa kavu, ndipo taa inapoaminika. Kule kupepesa kwa mwanzo kunaonyesha prosesa imeamka na imeanza kusoma programu. Kama hakuna hata hilo, fundi hupima mguu wa 40 wa ile 6800, ambao ni wa kuamshia: unapaswa kuwa chini kwa kitambo kifupi umeme unapowashwa, kisha upande kuelekea volti 5 na kubaki huko. Usipopanda, lawama ni ya ile saketi jirani ya betri.

Mwako wa kwanza unathibitisha kwamba programu iliyo kwenye chipu za ROM imejumlishwa na hesabu imekubali. Wa pili ni RAM ya 6810. Wa tatu ni RAM ya 5101, ile iliyokuwa ikitunzwa na betri. Wa nne na wa tano ni chipu mbili kubwa ambazo prosesa huzitumia kuzungumza na swichi, taa na koili. Wa sita ni saketi ya 555, inayotoa mapigo ya kupangia zamu ya tarakimu.

Wa saba ndio naupenda kuliko yote. Hapo prosesa haijipimi yenyewe tena. Hutazama kama umeme wa koili, zile volti 43, umefika. Ikiwa fyuzi ya koili imekatika, taa itawaka mara sita kisha kimya. Bodi ya namna hiyo ni nzima kabisa. Hata ukiing'oa na kuiwasha juu ya meza ya kazi kwa volti 5 na 12, mara sita ndiyo idadi sahihi, maana mezani hakuna volti 43. Lakini zipo bodi zinazofika kwa fundi zikiwa na chipu mbili kubwa mpya, soketi mpya zilizolehemiwa kwa pupa, njia tatu za shaba zimebanduliwa, na hadithi kwamba "bado inafika sita tu". Mtu alipiga ramli badala ya kupima fyuzi.

Soketi nazo zina lawama yake. Chuma cha ndani kinachobana miguu ya chipu hulegea, hushika kutu, na chipu nzima ikaonekana mbovu. Kuibonyeza kwa kidole au kuichomoa na kuirudisha kunaweza kuiamsha mashine, na hapo ndipo mtego ulipo: inaamka kwa wiki moja. Soketi mbovu hubadilishwa. Na kwa anayekutana na chipu za ROM zenye kidirisha cha kioo mgongoni, asibandue karatasi iliyofunika kidirisha hicho kwa udadisi tu. Programu ndani yake hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno, na jua lina mwanga huo.

Koili inayowaka haisubiri

Tatizo linaloogopesha kuliko mashine kufa ni mashine kufufuka vibaya. Unawasha, koili moja inavuta kwa nguvu na haiachii, sekunde chache baadaye harufu ya vanishi inayoungua imejaa chumbani.

Hesabu yake si ngumu. Koili yenye ukinzani wa ohmu 10 ikipewa volti 43 huvuta ampia 4.3, yaani wati 185 hivi. Imeundwa kuupokea umeme huo kwa sehemu ndogo ya sekunde, ya kuisukuma gololi tu. Kinachoufungua na kuufunga ni transista moja kwenye bodi. Transista ikiungana ndani, mlango umebaki wazi, na koili hugeuka jiko.

Kwa nini transista iungane? Mara nyingi kosa haliko kwenye bodi. Kila koili ina dayodi ndogo iliyolehemiwa kwenye ncha zake, kwa kawaida aina ya 1N4004, ya kumeza mshtuko wa umeme unaorudi nyuma koili inapozimwa. Dayodi hiyo iko chini ya uwanja, inatikiswa mchana kutwa, na mguu wake ukikatika hakuna anayejua. Mashine inaendelea kucheza, lakini sasa kila pigo la koili linaipiga transista, hadi siku inaposalimu amri. Anayebadilisha transista bila kuangalia dayodi atarudi tena, na mteja atalipa tena.

Kuipima transista hakuhitaji kifaa cha bei. Umeme ukiwa umezimwa, mita kwenye kipimo cha dayodi, transista nzima ya aina hizi husoma kati ya volti 0.4 na 0.6 hivi kwa upande mmoja. Ikisoma karibu na sifuri, imeungana. Fundi makini hupima pia transista ndogo inayoiamuru na chipu iliyo nyuma yake, kwa sababu mshtuko ulioua ya mbele huenda umepitiliza.

Hapa ndipo fundi wa redio wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue angejisikia nyumbani, hata kama hajawahi kugusa flipa. Dayodi 1N4004 imo kwenye chaja na redio alizozifungua maisha yake yote. Saketi ya 555 anaijua. Isipokuwa chipu chache za kumbukumbu na prosesa yenyewe, karibu kila kitu kwenye bodi ile kinauzwa hadi leo kwa bei ndogo.

Na fyuzi! Mwenye baa akiona fyuzi inakatika kila siku, huweka kubwa zaidi. Ikikatika hiyo, huizungushia karatasi ya sigara yenye ngozi ya fedha. Fyuzi ya kwanza ilikuwa inasema koili imeungana. Ya tatu haisemi kitu, inaacha waya, koili na bodi viseme kwa moshi. Mashine kuukuu ikija mezani, fyuzi zote zichomolewe na zilinganishwe na thamani zilizoandikwa, moja moja, kabla ya kuingiza umeme hata mara moja.

Ubao wa miraba 64

Mashine ikiamka lakini ikitoa pointi zisizostahili, mawazo yahamie kwenye swichi. Ili kuokoa waya, watengenezaji walizipanga kwa safu wima na safu mlalo, na katika mashine nyingi za baadaye, zile za Williams kwa mfano, ni nane kwa nane kama ubao wa drafti: kila mraba ni swichi moja. Prosesa huamsha safu wima moja kwa zamu na kutazama safu mlalo ipi imeitikia, mara nyingi sana kwa sekunde.

Ukishaelewa hivyo, hitilafu hujieleza. Swichi moja isipofanya kazi, tatizo ni la swichi hiyo: uchafu, waya, dayodi yake. Safu nzima ya swichi nane ikinyamaza, tafuta waya wa safu hiyo, plagi yake, au chipu inayoihudumia. Gololi ikigusa kitu kimoja na mashine ikahesabu viwili au vitatu vilivyoko kona nyingine, dayodi fulani imeungana na ishara inarudi kinyumenyume. Vichwa vya mafundi vijana huumia sana hapa, kwa sababu swichi inayoonekana mbovu ni nzima na yenye kosa iko mahali pengine kwenye safu hiyo hiyo.

Ajali mbaya kuliko zote ni waya wa koili kugusa waya wa swichi chini ya uwanja, tuseme mtu anarekebisha flipa umeme ukiwa umewashwa na bisibisi ikateleza. Volti za koili huingia kwenye njia iliyojengwa kwa volti 5 au 12. Chipu huondoka papo hapo, wakati mwingine kwa mlio.

The Addams Family na flipa mbili kwa pamoja

Miaka 15 baada ya Eight Ball, Williams ilikuwa imeshainunua biashara ya pinboli ya Bally, na The Addams Family ya 1992 ilitoka kwa jina la Bally ikiwa na mfumo mwingine kabisa wa bodi, ule unaoitwa WPC. Ina ugonjwa wake maarufu. Mchezo unaendelea vizuri, mchezaji anabonyeza flipa zote mbili kwa mpigo, na mashine inajizima na kuwaka upya kama iliyokatiwa umeme. Pointi zote zimepotea. Lugha inayosikika hapo haichapiki gazetini.

Bodi ya prosesa ina kilinzi kinachotazama zile volti 5. Zikishuka chini kidogo ya kiwango, huizima na kuianzisha prosesa upya, maana prosesa yenye njaa huweza kuamuru koili ovyo. Flipa mbili huvuta umeme mwingi kwa ghafla, kila kitu kinayumba kidogo, na ile tofauti ndogo iliyokuwa imebaki inaisha. Mashine mpya ilikuwa na akiba ya kutosha. Ya sasa haina: daraja la dayodi lililochoka, kapasita ya mikrofaradi 15,000 iliyokauka, viungo vya lehemu vilivyopasuka chini ya vitu hivyo viwili kwa uzito na joto, pini za plagi zilizobadilika rangi kuwa kahawia. Kila kimoja kinaiba sehemu ndogo ya volti, na hakuna chenye kosa peke yake.

Ndiyo sababu ugonjwa huu hauponi kwa mtu anayetaka kubadilisha kitu kimoja na kwenda zake. Fundi hupima njia nzima, kutoka transfoma hadi kwenye mguu wa chipu, mashine ikiwa inafanya kazi, na kuona volti zinapotelea wapi. Mara nyingi sehemu kubwa hupotelea kwenye plagi. Ile ya taa za kawaida za uwanja katika mashine za WPC ni mashuhuri kwa kuungua: plastiki nyeupe hugeuka kahawia, kisha nyeusi, kisha hukatika mkononi. Kubadilisha pini pekee na kuacha plagi kuukuu, au kinyume chake, ni kuahirisha tu. Vyote viwili vibadilishwe pamoja.

Bodi zisizo na dawa

Si kila bodi inastahili siki na subira. Gottlieb, walipoingia kwenye elektroniki mwaka 1977 kwa mashine ya Cleopatra, walijenga mfumo wao wa kwanza kwa chipu za Rockwell za familia ya PPS-4, zenye miguu mingi iliyopangwa kwa safu nne. Zimeacha kutengenezwa zamani. Zikifa, fundi hana cha kuweka isipokuwa kuzivuna kutoka bodi nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Kwa hizo, bodi mpya zinazoundwa leo na watengenezaji wadogo kuchukua nafasi ya zile za awali ni jibu la haki, na sioni sababu ya kumcheka anayezinunua.

Williams za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, zikiwemo Gorgar ya 1979 iliyokuwa pinboli ya kwanza kuongea, na msamiati wake wa maneno saba, ni kesi ya katikati. Bodi ya prosesa na bodi ya kuendesha koili zimeunganishwa kwa safu moja ya pini 40, na safu hiyo imesababisha hitilafu nyingi kuliko chipu zozote zilizo pande zake mbili. Anayeitengeneza bila kubadilisha pini zote 40, pamoja na soketi duni zilizowekwa kiwandani, anajitafutia safari nyingine. Ukishafanya hivyo bodi hizo hukaa vizuri.

Williams wenyewe walifunga kazi ya pinboli mwezi Oktoba 1999. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo Stern Pinball ilibaki mtengenezaji mkubwa pekee. Mashine zake za miaka ya karibuni zina bodi za vipande vidogo mno vilivyobandikwa juu juu, visivyo na miguu ya kupita kwenye matundu, na kuvitengeneza kwa chuma cha kawaida cha kulehemia ni mateso. Mafundi waliozoea bodi za 1977 husema hivyo kwa masikitiko kidogo na kwa majivuno zaidi.

Kurudisha bodi kwenye mashine nako kuna utaratibu. Fyuzi za koili zibaki nje kwanza. Bodi iamke, taa ifike sita. Kisha fyuzi irudi, mkono ukiwa kwenye swichi ya umeme, na taa ifike saba. Ndani ya mlango wa sarafu kuna kitufe cha majaribio: kinapitia taa, tarakimu, halafu koili moja baada ya nyingine, na namba ya koili huonekana kwenye kioo cha tarakimu ili fundi ajue iliyonyamaza ni ipi. Hapo mwenye mashine huwa ameshavuta fimbo ya springi, anataka kucheza. Asubiri. Mashine huachwa imewaka saa kadhaa kioo kikiwa kimefungwa, kisha hujaribiwa tena ikiwa ya moto, kwa sababu kiungo kilichopasuka hushikana kikiwa baridi na huachia kikipata joto.